Kifo cha Mkwawa na Kumbukumbu Yake

Sisi walimu tumezoea kuwauliza watoto maswali ya historia, na mara nyingi majibu yao hutufunza sisi kuliko tunavyowafunza wao. Tukiwauliza, “Mirambo wa Unyamwezi alikufaje?” wengi hunyamaza. Wanajua kwamba alikuwa mtu wa vita, na kwamba Waarabu wa Unyanyembe walimhofu. Lakini ya kwamba alikufa kwa ugonjwa mwaka 1884, hilo halimo vichwani mwao. Kisha tukiuliza, “Na Mkwawa wa Uhehe, alikufaje?” mikono yote huinuka. Hata mtoto mdogo wa mwisho wa benchi anajua kwamba Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe na Wajerumani. Lakini tukizidi kuuliza, “Alipata utawala kwa njia gani? Aliwatendea nini jirani zake?” mikono ile hushuka tena.

Jambo hili limetufikirisha siku nyingi. Watu wawili walikuwa wakuu wa vita, nao waliishi karibu wakati mmoja. Mmoja akumbukwa kwa maisha yake, wa pili akumbukwa kwa siku yake ya mwisho. Je, namna ya kufa kwa kiongozi yaweza kugeuza namna watu wamkumbukavyo? Na ikiwa ndivyo, yatupasa sisi tuliokabidhiwa watoto kusema nini juu ya kifo cha namna ile, ambacho imani yetu haituruhusu kukisifu?

Kwanza na tutaje habari zake kwa ufupi. Baba yake Mkwawa alikuwa Munyigumba, aliyeziunganisha koo nyingi za nyanda za juu za Iringa hata zikawa kabila moja lenye nguvu. Munyigumba alipokufa mwaka 1879 ulitokea ugomvi wa kurithi. Mtu mmoja jina lake Mwamubambe akatwaa nchi, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Hata aliporudi na watu wake, alimshinda adui yake katika vita vikali, na mahali palipopiganwa vita hivyo pakaitwa Ilundamatwe, maana yake mahali palipolundikwa vichwa. Msomaji na alishike jina hili, maana habari ya vichwa itaturudia.

Tangu hapo Mkwawa alikuwa Mtwa wa Wahehe wote. Alipigana na Wangoni upande wa kusini. Aliwasukuma Wasangu wa mtemi Merere hata wakaiacha nchi yao. Majeshi yake yaliingia Ubena, Ugogo na Usagara, yakateka watu na ng'ombe, na misafara iliyopita karibu na nchi yake haikuwa na amani. Huko Kalenga alijenga boma kubwa la mawe. Katika lugha ya Kihehe boma huitwa lilinga, na kutokana na neno hilo mji wa Iringa umepata jina lake.

Ndipo wakaja Wajerumani, au Wadachi kama wazee wetu walivyowaita. Mwaka 1891 afisa wao Emil von Zelewski alipanda bara na jeshi kubwa lenye bunduki na mizinga. Mtu huyu watu wa pwani walimjua tangu mwaka 1888, alipotweka bendera ya kampuni yake pale Pangani kwa ujeuri, nao walimwita Nyundo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walimwotea njiani wakalivamia jeshi lake kwa mikuki. Vita havikuchukua muda mrefu. Zelewski akafa, na pamoja naye Wazungu wengine, na askari na wapagazi wapatao mamia. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Habari hiyo iliwashtua Wajerumani kule Berlin, wakaazimia kulipiza kisasi.

Kisasi kilichukua miaka mitatu kutimia. Tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga lilitekwa na jeshi la Gavana von Schele. Mkwawa akatoroka. Kwa muda wa karibu miaka minne akaishi porini, leo mlima huu, kesho bonde lile, akiwindwa kama mnyama. Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, akajenga boma la Iringa mwaka 1896, akatuma vikosi kila upande. Waliodhaniwa kumsaidia Mkwawa waliadhibiwa, na vyakula vyao vikatwaliwa. Na hata hivyo walikuwapo watu waliomwachia chakula porini usiku. Serikali ikatangaza kwamba atakayeleta kichwa chake atapewa rupia 5,000. Katika siku zile fedha hiyo ilikuwa utajiri ambao mkulima hakuweza hata kuuota.

Mwezi wa Julai mwaka 1898 Mkwawa alikuwa mgonjwa, na watu wake karibu wote wamekwisha kutawanyika. Sajini mmoja Mjerumani, jina lake Merkl, alifuata nyayo zake pamoja na askari wake. Tarehe 19 walimkamata kijana mmoja karibu na Mlambalasi, naye akawaonyesha mahali. Walisogea polepole, wakaona watu wawili wamelala chini. Wakapiga risasi kwa mbali. Walipokaribia waliona kwamba wale wawili walikuwa wamekwisha kufa, mmoja akiwa kijana aliyefuatana na Mtwa hata mwisho, na wa pili Mkwawa mwenyewe, aliyejiua kwa bunduki yake. Kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Iringa kwa Prince. Kiwiliwili kilizikwa kule Mlambalasi, na kaburi lipo hata leo.

Hayo ndiyo yaliyotukia. Sasa na tufikiri kidogo: kama Mkwawa angalikufa kwa namna nyingine, tungalimkumbukaje?

Tuseme angalikubali amani baada ya Kalenga kuanguka, akapewa mshahara na joho, akakaa barazani kutoza kodi kwa ajili ya serikali. Watu wake wengi wangalipona njaa na mateso ya miaka ile minne, nalo si jambo dogo. Lakini katika vitabu vya shule angalikuwa jina moja katika orodha ndefu ya watemi waliojisalimisha. Huenda Lugalo yenyewe ingalisimuliwa kwa sauti ya chini, kama jambo la ujana ambalo mzee hapendi kukumbushwa.

Au tuseme angalikamatwa akanyongwa. Mfano upo karibu, tena katika nyumba yake mwenyewe. Mpangile, ndugu yake, alifanywa mtawala na Wajerumani mwishoni mwa mwaka 1896, na miezi michache baadaye wakamnyonga, wakimshitaki kwamba alimsaidia Mkwawa kwa siri. Mtu huyu aliuawa na adui yule yule katika vita vile vile, walakini ni wangapi kati yetu wamjuao kwa jina? Kifo chake hakikuwapa watu neno moja la kushika. Wengine walimwona ni mtu wa Wajerumani, na Wajerumani walimwona ni mtu wa Mkwawa.

Au tumtazame Isike wa Unyanyembe. Mwezi wa Januari mwaka 1893, Prince yule yule alipolivamia boma lake pale Tabora, Isike aliiwasha ghala ya baruti ili afe humo asikamatwe. Lakini hakufa mara moja; Wajerumani walimtoa angali hai kidogo, wakamtundika mtini. Nia yake haikupungua hata kidogo kuliko nia ya Mkwawa. Hata hivyo jina lake halikufika mbali kama jina la Mkwawa. Adui aliwahi kukifanya kifo chake kiwe kazi yake yeye adui, na hadithi ikamalizikia katika kitanzi. Ndivyo ilivyokuwa na kwa Abushiri, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889: watu wamtaja kwa heshima, lakini picha ya mwisho waliyoachiwa ni ya mtu aliyefungwa.

Mkwawa hakuwaachia picha ya namna hiyo. Askari walipofika, hapakuwa na mtu wa kufunga kamba wala wa kusomewa hukumu. Kwa hiyo hata mtoto wa leo husema, “Hawakumkamata.” Neno hilo moja limeyafunika maneno mengine yote. Kushindwa kwake Kalenga limekufunika, na njaa ya watu wake, na vita vyake juu ya jirani.

Lakini twadhani kifo peke yake kisingalitosha kuleta kumbukumbu hii yote. Wajerumani wenyewe waliongeza sehemu iliyobaki kwa kukikata kile kichwa. Walitaka kuonyesha kwamba habari imekwisha. Kumbe waliifanya isiweze kwisha. Mtu aliyezikwa mzima huliliwa na jamaa zake, kisha matanga huondolewa. Mtu ambaye kichwa chake hakijulikani kilipo, matanga yake huondolewaje?

Vita vikuu vya kwanza vilipokwisha, Horace Byatt, aliyeitawala nchi hii kwa niaba ya Waingereza, alishauri kwamba fuvu lile lirudishwe, ili kuwaridhisha Wahehe waliowasaidia Waingereza vitani na kuwaonyesha watu wote kwamba nguvu ya Wajerumani imevunjika. Hivyo katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kati ya mambo ya mipaka, fedha na majeshi, sharti la 246 likaiagiza Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Na tufikiri maana yake: mataifa yaliyogawana ulimwengu yaliketi kuandika amani ya Ulaya, na jina la Mtwa aliyekufa porini karibu na Mlambalasi likaandikwa humo.

Miezi sita ikapita, na miaka thelathini ikapita, fuvu halikuonekana. Ndipo Gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe katika jumba la makumbusho la Bremen mwaka 1953. Kati ya mafuvu mengi yaliyokuwako lilichaguliwa moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa pale Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi yetu. Wako wataalamu waliotia shaka kama fuvu lile ni lake kweli. Tena serikali ya kikoloni ilikuwa na shauri lake katika kulirudisha: Kenya ilikuwa katika vita vya Mau Mau, na watawala walitaka kuupata moyo wa Wahehe. Lakini watu waliofurika Kalenga siku ile hawakuja kwa ajili ya shauri la Gavana. Walikuja kupokea mzee wao.

Hapa Mkristo msomaji huenda atauliza, “Mwalimu, je, mwatufundisha kumsifu mtu aliyejiua?” Hapana. Uhai ni wa Mungu, na mtu hana ruhusa ya kuukata uzi ambao hakuusokota mwenyewe. Lakini kabla hatujafanya haraka ya kuhukumu, na tufungue Kitabu chenyewe, maana humo imo habari inayofanana na hii kwa namna ya kushangaza.

Mfalme Sauli alishindwa vita katika mlima wa Gilboa. Alipojeruhiwa, na adui wamemkaribia, aliogopa wasije wakamdhihaki, akauangukia upanga wake. Mchukua silaha zake, kijana aliyekuwa pamoja naye, akafa vile vile. Kesho yake Wafilisti wakamkuta, wakamkata kichwa, na kiwiliwili chake wakakitundika ukutani pa Beth-shani. Ndipo watu wa Yabesh-gileadi wakasafiri usiku kucha, wakaushusha mwili wake, wakaizika mifupa yake na kufunga siku saba. Kwa nini watu hao? Kwa sababu Sauli, mwanzo wa ufalme wake, aliwaokoa na Mwamoni aliyetaka kuwang'oa macho. Wema hauozi, walisema wahenga.

Daudi naye, ambaye Sauli alimwinda porini miaka mingi, alipopata habari hakufurahi. Alirarua nguo zake, akalia, akatunga maombolezo ya kumsifu. Ukiyasoma maombolezo yale peke yake, hutajua kamwe kwamba Sauli alimtupia Daudi mkuki, wala kwamba aliwaua makuhani wa Nobu. Hivyo twaona kwamba hata katika Israeli namna ya kufa iliugeuza uso wa marehemu machoni pa watu. Walioachwa hai waliona aibu ya mwili uliotundikwa ukutani, na aibu hiyo ikawafanya wayaache mengine.

Lakini Biblia haikukoma hapo, na hili ndilo tulilotaka hasa kulileta mbele ya wasomaji wetu. Miaka ikapita, ikaja njaa ya miaka mitatu. Daudi alipouliza sababu, akaambiwa ni kwa ajili ya damu ya Wagibeoni, watu wadogo ambao Sauli aliwaua. Waisraeli walikuwa wamekwisha kuimba maombolezo. Wagibeoni hawakuwa wamesahau. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kisasi walichokitaka kilikuwa kikali, nacho hatukitaji ili kiigwe. Twataka msomaji aone tu kwamba madai yao yalisikiwa. Na katika sura ile ile, Daudi akaichukua mifupa ya Sauli na ya Yonathani, akaizika kwa heshima katika kaburi la baba yao. Kilio cha waliodhulumiwa na mazishi ya aliyewadhulumu vimeandikwa mahali pamoja, na mwandishi hakukifuta kimoja kwa ajili ya kingine.

Twaona kwamba hiyo ndiyo njia iliyo njema kwetu. Katika shule zetu wameketi pamoja watoto wa Wahehe, wa Wasangu, wa Wabena na wa Wagogo. Mtoto wa Kihehe anaposimama kwa fahari na kusema habari za Lugalo, ana haki yake. Lakini katika benchi lile lile yupo mtoto ambaye babu wa babu yake alikimbia usiku kwa sababu ya majeshi ya Mkwawa. Nyumbani kwao jina hilo husimuliwa kwa namna nyingine. Tukimfundisha kwamba Merere na watu wake walisimama upande wa Wajerumani kwa uhaini tu, tutakuwa tumesema uongo, maana walitaka kurudi katika nchi waliyofukuzwa. Na tukimfundisha mtoto wa Kihehe kwamba babu yake alikuwa mtekaji tu, aliyepata malipo yake, tutakuwa tumeshika maneno ya Prince.

Kwa hiyo tunapofika katika habari hii, sisi tumeamua kuifundisha kwa utaratibu huu. Hatuanzi Mlambalasi. Twaanza Ilundamatwe, ili watoto wajue kwamba vichwa vilikatwa na kulundikwa katika nchi hii kabla Mjerumani hajafika. Kisha twasimulia Lugalo bila kuficha furaha, maana watu walikuwa wakiilinda nchi yao. Kisha twakaa kitambo katika ile miaka minne, tuwakumbuke wale waliotoa chakula chao usiku hali wakijua adhabu yake. Maana hao nao walikuwa mashujaa, na hakuna aliyeandika majina yao. Ndipo twafika Mlambalasi, twasema yaliyotukia kwa maneno machache, nasi twamtaja yule kijana aliyelala kando ya bwana wake. Hatumwiti Mkwawa mtakatifu wala hatumwiti mwenye dhambi kuliko wengine. Hukumu tumemwachia Yeye ajuaye ugonjwa wake na upweke wake katika saa ile.

Mwaka mmoja, baada ya somo hili, mtoto mmoja alituuliza, “Mwalimu, kama angalikufa kitandani, tungalisoma habari zake?” Tukamjibu kwamba huenda tungalisoma kidogo tu. Akafikiri, akasema, “Basi wale waliokufa kitandani waonewa.” Hatukuwa na la kuongeza. Tangu siku ile kila tunapomaliza habari ya Mkwawa huwaagiza watoto waende nyumbani wakaulize habari za mzee mmoja wa ukoo wao ambaye alikufa kwa amani, watu wakamzika na kuondoa matanga. Kisha waje watusimulie, si jinsi alivyokufa, bali jinsi alivyokaa na jirani zake.

Pale Lugalo ipo nguzo ya mawe waliyoijenga Wajerumani kuwa ukumbusho wa Zelewski na wenzake. Pale Kalenga lipo fuvu ndani ya kioo. Wasafiri hupita wakavitazama vyote viwili, nasi twafurahi kwamba vipo, maana vyasaidia kukumbuka. Lakini mawe na mifupa hukumbuka siku moja tu. Siku nyingine zote za mtu hukumbukwa na vinywa vya watu wanaopenda kweli, na kazi hiyo, ndugu wasomaji, ni yetu sisi tulio hai.